Kununua matela bila kujuta: mambo ya kuangalia kabla ya kutoa pesa

Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye wakaaji wa sehemu kubwa ya mji wa Goma waliombwa kuhama. Barabara ya kwenda Sake ilijaa familia zilizobeba vitu vichache tu: bidoni, sufuria, nguo za watoto, na matela zilizokunjwa na kufungwa kamba. Picha hiyo imerudi mara nyingi mashariki mwa Kongo, kila mara watu wanapokimbia vita au maafa. Kati ya mali yote ya nyumba, godoro ni kati ya vitu vya kwanza kuokolewa, kwa sababu mwenye nyumba anajua ilimchukua muda gani kupata pesa za kulinunua.

Hata hivyo, kitu hicho cha thamani hununuliwa haraka kuliko simu. Mnunuzi anasimama kando ya barabara, anafinya sponji kwa vidole viwili, anaulizia bei, anapunguziwa kidogo, kisha chukudu au mwenye pikipiki anaipeleka nyumbani. Miezi sita baadaye matela imebonyea katikati, mume na mke wanaviringika kukutana shimoni, na asubuhi kila mmoja anashika kiuno. Pesa zimeisha na hakuna wa kumlalamikia.

Makosa mengi ya namna hiyo yanaweza kuepukwa dukani kwenyewe, kwa kutumia mita ya fundi na mizani.

Kilicho ndani ya kitambaa

Matela nyingi zinazouzwa Goma, Bukavu, Uvira, Butembo au Bunia ni za sponji. Sponji hiyo hutengenezwa kiwandani kwa kuchanganya kemikali mbili kuu na maji kidogo. Mchanganyiko hutoa gesi, unaumuka kama unga wa mkate, unakauka, kisha unakatwa vipande kwa unene unaotakiwa. Ubora wake unategemea kwanza kiasi cha malighafi kilichomo ndani yake. Sponji yenye malighafi kidogo na hewa nyingi inaonekana nene na nzuri ikiwa mpya, lakini kuta za vijishimo vyake ni nyembamba na zinachoka upesi. Sponji yenye malighafi nyingi inabeba mwili miaka mingi.

Kuna pia matela za springi, ambazo ndani zina waya za chuma zilizoviringishwa. Zinapitisha hewa vizuri, jambo linalosaidia katika miji ya joto kama Uvira na Kalemie, kwenye ufuko wa ziwa Tanganyika. Lakini ni nzito, hazikunjwi, na springi dhaifu zikianza kulegea zinachoma mbavu. Kwa familia inayopangisha nyumba na kuhama mara kwa mara, hilo ni jambo la kufikiria.

Aina ya tatu ni sponji inayoshika umbo la mwili. Ilianza mwaka 1966 katika kazi za shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lililotafuta kiti bora kwa abiria wa ndege. Inalainika ikipata joto la mwili na kurudi polepole. Ni ya bei ya juu, na watu wengi wanalalamika kwamba inahifadhi joto. Anayeishi Uvira afikiri mara mbili. Anayeishi Butembo, penye baridi ya milimani, huenda asione shida.

Mwisho kuna matela zilizogandishwa kutokana na masalio ya sponji. Ukifungua kitambaa unaona vipande vya rangi nyingi vilivyoshikamana. Hizi ni nzito na ngumu sana. Si mbaya kama tabaka la chini, lakini mtu akilala juu yake moja kwa moja, mabega na nyonga vinaumia.

Hesabu ya kilo

Wauzaji wengi husema matela yao ni "ngumu" au ni "kali". Neno hilo halitoshi, kwa sababu ugumu na uimara ni mambo mawili tofauti. Sponji inaweza kuwa ngumu leo na kubonyea kesho. Kinachosaidia kutabiri miaka itakayodumu ni uzito wake ukilinganishwa na ukubwa wake, yaani kilo ngapi za sponji ziko katika mita moja ya ujazo.

Hesabu yake ni rahisi. Pima urefu, upana na unene kwa mita, kisha zidisha vipimo hivyo vitatu. Matela ya nafasi mbili yenye urefu wa mita 1.90, upana wa mita 1.40 na unene wa sentimita 15 inatoa 1.90 × 1.40 × 0.15, yaani karibu mita za ujazo 0.4. Kama sponji yake ina uzito wa kilo 8, gawanya 8 kwa 0.4: unapata kilo 20 kwa mita ya ujazo. Kama ina kilo 12, unapata 30.

Tofauti hiyo ya kilo 4 ndiyo tofauti kati ya matela ya msimu na matela ya miaka. Sponji ya kilo 16 hadi 20 inafaa kwa mtoto mwepesi au kwa kitanda cha mgeni anayekuja mara moja moja. Mtu mzima anayelala kila usiku atafute kati ya 25 na 30. Mwenye mwili mkubwa, au mume na mke wanaolala pamoja, watafute 30 au zaidi.

Muuzaji wa sukari, maharagwe au makala aliye karibu ana mizani. Kuazima mizani yake dakika mbili si aibu. Ila kitambaa na zipu navyo vina uzito wake, kwa hiyo punguza kidogo kwenye kilo unazosoma.

Kuna mtego mmoja. Viwanda vingine huongeza unga wa chokaa ndani ya sponji ili iwe nzito bila kuongeza malighafi ya kweli. Na zile za masalio yaliyogandishwa ni nzito kwa asili. Ndiyo maana kilo peke yake haitoshi: omba kufungua zipu uone ndani. Sponji safi ina rangi moja na vijishimo vinavyolingana. Ukiisugua kwa kiganja na kuona vumbi jeupe, au ikikatika kama mkate mkavu, iache. Pale ambapo kitambaa kimeshonwa pande zote bila zipu, muulize muuzaji kama ana kipande cha mfano, au nenda kwenye depo nyingine.

Ngumu kiasi gani?

Katika familia nyingi kuna imani kwamba mwenye kuumwa mgongo anapaswa kulala juu ya kitu kigumu kabisa, hata juu ya mbao au sakafuni. Mwaka 2003 daktari Francisco Kovacs na wenzake nchini Hispania walichapisha utafiti juu ya swali hilo katika jarida la tiba The Lancet. Watu wazima 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa matela ngumu, wengine matela ya ugumu wa kati. Baada ya siku 90, waliolala juu ya ile ya ugumu wa kati walikuwa na maumivu madogo kitandani na walipoamka, na walisumbuka kidogo kuliko wenzao katika kazi zao za kila siku.

Sababu yake inaeleweka. Mwili wa binadamu haukunyooka kama ubao. Ukilala ubavu, bega na nyonga vinatokeza. Vinahitaji kuzama kidogo ili uti wa mgongo ubaki umenyooka. Kitu kigumu mno kinasukuma bega na nyonga juu na kiuno kinabaki hewani. Kitu laini mno kinamezesha nyonga, na mgongo unapinda kama machela.

Anayelala ubavu anahitaji ulaini kidogo zaidi. Anayelala chali anafaa na ugumu wa kati. Anayelala kifudifudi anahitaji ugumu zaidi kidogo, la sivyo tumbo linazama na kiuno kinapinda. Mama mjamzito katika miezi mitatu ya mwisho anashauriwa kulala ubavu, kwa hiyo matela yake isiwe kama jiwe. Wazee wasiwekewe matela laini sana wala kitanda cha chini sana, kwa sababu kuamka kwenyewe kunakuwa kazi, na wengi huanguka wakitafuta kusimama usiku.

Namna ya kujaribu dukani ni kulala, si kufinya. Dakika tano hadi kumi, juu ya plastiki yake, kwa namna ile unayolala nyumbani. Ukiwa chali, pitisha mkono chini ya kiuno: ukipita bila kugusa kitu, matela ni ngumu kwako, ukikwama kabisa, ni laini mno. Wengi, hasa akina mama, hawataki kulala mbele ya watu sokoni. Basi, iwekeni chini, piga goti moja na kulemea kwa uzito wako wote. Goti likigusa sakafu, nyonga yako nayo itagusa mbao za kitanda usiku. Ukiinuka, sponji irudi mahali pake mara moja bila kubakiza alama.

Mume na mke waende pamoja. Mmoja akiwa na kilo 55 na mwingine 90, matela iliyochaguliwa na mmoja peke yake itamtesa mwingine.

Unene, kitanda na chandarua

Sentimita 10 zinatosha kwa mtoto. Kwa mtu mzima ni kidogo, hata sponji ikiwa nzuri. Sentimita 15 ni mwanzo mzuri, 20 ni bora kwa mwenye uzito. Lakini unene usinunuliwe kwa kupunguza ubora: matela ya sentimita 15 yenye kilo 30 kwa mita ya ujazo itaishi kuliko ya sentimita 25 yenye kilo 16, ingawa ya pili ndiyo inayovutia macho pale inapopangwa kando ya barabara.

Kabla ya kulaumu matela, angalia kitanda. Mbao zinazobeba godoro zikiachana sana, sponji inaingia kati yake na kukatika. Nafasi kati ya ubao na ubao isizidi sentimita 6 au 7, yaani vidole vinne hivi vya mtu mzima. Kitanda cha nafasi mbili kinahitaji pia mguu au nguzo katikati. Kumlipa seremala aongeze mbao nne ni rahisi kuliko kununua matela nyingine.

Wanaoweka matela sakafuni wana shida nyingine. Mwili hutoa jasho usiku kucha. Unyevu huo unashuka, unakutana na simenti baridi na kugeuka maji. Katika Bukavu na Goma, ambako mvua ni nyingi, wiki chache zinatosha kuona madoa meusi ya kuvu upande wa chini. Kuvu hao huchochea kikohozi na pumu. Kama kitanda bado hakijapatikana, weka mbao chache au paleti chini ili hewa ipite, na uinue matela kila asubuhi na kuiegemeza ukutani.

Chandarua nacho kina neno. Malaria bado inaua watoto wengi nchini, na chandarua kinalinda tu kikichomekwa chini ya godoro pande zote. Anayebadilisha matela ya sentimita 10 kwa ya 25 anaweza kukuta chandarua chake hakifiki tena. Pima kwanza, au shusha kamba.

Plastiki iondolewe

Matela mpya huja imefungwa plastiki, na familia nyingi huiacha miaka ili isichafuke. Nia ni nzuri, matokeo ni mabaya. Plastiki inazuia jasho kutoka, inaongeza joto, inapiga kelele usiku na kuozesha kitambaa. Kwa mtoto mchanga ni hatari zaidi, kwa sababu inaweza kumziba pua na mdomo. Iondolewe siku ya kwanza, na matela mpya iachwe penye hewa siku moja au mbili ili harufu ya kiwandani iishe. Kwa mtoto anayekojoa kitandani, weka mpira katikati tu, chini ya shuka iliyovutwa vizuri.

Mtoto mchanga alale chali, juu ya kitu tambarare na kigumu kiasi, bila mito wala mablanketi mazito karibu na uso. Ulaini unaomfurahisha mtu mzima unaweza kumnyima mtoto pumzi.

Jambo lingine la usalama ni moto. Sponji hushika moto haraka sana na moshi wake una sumu inayoweza kuua kabla ya miali kufika. Umeme unapokatika, mshumaa usiwekwe kwenye mbao za kitanda, na matela iliyolowa isikaushwe karibu na mbabula.

Ya mkono wa pili na kunguni

Bei ya matela iliyotumika inavutia, hasa kwa wanafunzi wanaoenda shule za bweni, ambako mara nyingi kila mmoja huja na godoro lake. Hatari ya kwanza ni kunguni. Hujificha katika mishono na kwenye pembe, na huacha vidoa vyeusi kama vya kalamu. Hawajulikani kuambukiza magonjwa, lakini wananyima watu usingizi, wanawasha ngozi, na wakishaingia katika bweni wanasambaa kwa wote. Fungua mishono yote mchana, penye mwanga. Ukiona doa moja la namna hiyo, usiipakie.

Kama matela imefika nyumbani na kunguni, kupuliza dawa ovyo mara nyingi hakusaidii, kwa sababu kunguni wengi wamezoea dawa za kawaida. Joto ndilo linalowaua: vua kitambaa na shuka, vichemshe, mimina maji yanayochemka kwenye nyufa za kitanda, na urudie baada ya wiki moja au mbili kwa ajili ya mayai.

Bei ya usiku mmoja

Tuchukue mfano. Matela ya dola 60 ikibonyea baada ya miaka miwili, imekula dola 30 kwa mwaka. Ya dola 120 ikidumu miaka sita, imekula dola 20. Ile iliyoonekana ya bei ya chini ndiyo iliyogharimu zaidi, na bado watu wamelala vibaya.

Shida ni kwamba mwenye kipato cha siku kwa siku hana dola 120 kwa mara moja. Hapo likelemba na vikundi vya AVEC vinasaidia: watu sita wakikubaliana kuchangia, kila mwezi mmoja ananunua matela yake. Njia nyingine ni kununua kipande cha sponji nzuri bila kitambaa na kumpa fundi cherehani ashone, au kuweka ile ya zamani ngumu chini na kununua ya sentimita 10 iliyo bora ya kuweka juu.

Ikishanunuliwa, itunzwe. Kila miezi mitatu igeuzwe, kichwani kuwe miguuni. Wakati wa kiangazi, itolewe nje saa mbili au tatu ikiwa na kitambaa chake. Kuiacha juani siku nzima kunachoma sponji na kuifanya iwe ya manjano na kukatika. Watoto wasiirukie.

Dalili za kuibadilisha ni tatu: shimo linaloonekana hata hakuna aliyelala, maumivu ya asubuhi yanayoisha mchana, na usingizi kuwa mzuri zaidi ukilala kwa wengine. Lakini si kila maumivu ni kosa la matela. Maumivu ya mgongo yanayoendelea mchana na usiku, yanayokuja na homa, kukonda, ganzi ya miguu au shida ya kuzuia mkojo yanahitaji daktari haraka. Kifua kikuu, kwa mfano, kinaweza kushika mifupa ya uti wa mgongo, na hakuna godoro linalokiponya.

Kwa anayekwenda sokoni wiki hii, basi, vitu vya kubeba ni vitatu: mita, kipimo cha kitanda kilichoandikwa kwenye karatasi, na yule atakayelala naye. Mizani ataikuta huko huko.